Mguu wa Mama na Breki za 109

Dodoma, Jumamosi usiku

Mikono bado inanuka mafuta ya breki, sabuni imeshindwa. Leo Mama kaendesha Land Rover ya Baba kutoka Mpunguzi hadi nyumbani, kreti za zabibu zimejaa nyuma. Naandika kabla usingizi haujanichukua.

Gari lenyewe ni 109, Series III ya petroli, injini ya sentimita za ujazo 2,286. Breki ni za ngoma magurudumu yote manne, na lilikuja bila busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki. Baba alikuwa amelizoea. Mteremkoni alirudisha gia mapema na kuiacha injini ilizuie gari. Breki aliigusa mwishoni tu, na alipoigusa aliikanyaga kwa mguu wa mtu aliyelima mtama tangu utotoni. Mama leseni anayo miaka mingi, ila kwake pedali ile ilikuwa kama jiwe. Mara ya mwisho kujaribu, miezi michache baada ya msiba, aliisimamia kwa miguu yote miwili na gari likaenda kuegemea mti wa mwarobaini. Hakuumia. Alishuka, akafunga mlango taratibu, hakulitaja tena. Zabibu zake zikawa zinakuja mjini kwa guta la kukodi.

Ndugu walinishauri niliuze nimnunulie kirikuu. Sikuweza. Nikalipeleka Kizota kwa fundi aliyekuwa akilihudumia enzi za Baba, nikamwambia nataka busta tu.

"Mwalimu," akanijibu, "busta haisimamishi gari. Inausaidia mguu. Kinachosimamisha gari kiko huku chini." Akaanza kufungua magurudumu.

Namshukuru kwa ukaidi ule. Kwenye 109 kila gurudumu la mbele lina wili silinda mbili, zile zinazosukuma viatu vya breki vibane ngoma, na upande wa kushoto moja ilikuwa imeganda kwa kutu, hivyo kiatu kimoja kilikuwa hakifanyi kazi kabisa. Nyuma, sili ya ekseli ilikuwa inavuja na viatu vimelowa oili. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155, na yakichemka yanafanya mvuke, pedali inazama hadi sakafuni. Tungefunga busta juu ya uozo ule, Mama angekuwa na pedali laini na gari lisilosimama.

Mwezi mzima ukaishia huko: wili silinda, viatu, sili, hozi, bomba za chuma. Kutoa upepo kwenye bomba za breki peke yake kulituchukua siku mbili, mimi nakanyaga, yeye yuko chini anafungua na kufunga nati, "Kanyaga… shikilia… achia." Tulipomaliza gari lilisimama bila kuvuta kushoto wala kulia. Pedali ilikuwa bado ngumu.

Hapo nikasita. Kusafisha na kufufua vitu vya Baba ni jambo moja, kuongeza kitu ambacho yeye hakuwahi kukitaka ni jambo jingine. Wiki nzima niliacha kwenda gereji. Kisha nikamwona Mama anapatana bei na kijana wa guta, akiwa amebeba kreti yeye mwenyewe, nikampigia fundi simu.

Busta tuliipata Dar, Shaurimoyo pale Ilala, pamoja na kisanduku chake cha pedali na masta silinda, ile inayosukuma mafuta kwenda magurudumuni, maana vya zamani havipokei busta. Busta ni kopo, na ndani yake mna mpira mpana unaoligawa sehemu mbili. Injini inanyonya hewa kote kuwili kupitia manifoldi, bomba lake la kuvutia hewa. Ukikanyaga, vali inaruhusu hewa ya nje kuingia upande wa dereva, na uzito wa hewa hiyo ndio unaosukuma pamoja na mguu. Hapa Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ina kani pungufu ya pwani kwa asilimia 12 hivi, kwa hiyo hata msaada wa busta ni mdogo kidogo kuliko angeupata mtu wa Tanga. Nilipolijua hilo nilizidi kufurahi kwamba tulianzia chini.

Jaribio la kwanza lilinitia hofu. Tulishika barabara ya Iringa, na baada ya kilomita chache gari likawa zito, kama linavuta trela. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Tukasimama, fundi akanyunyiza maji kwenye ngoma ya mbele, yakachemka papo hapo. Breki zilikuwa zimejikamata zenyewe. Akafungua boneti, akalegeza kidogo nati zinazofunga masta silinda kwenye busta, akaniambia nisukume gari. Likaenda kirahisi. Kumbe kifimbo kinachotoka kwenye busta kusukuma masta silinda kilikuwa kirefu mno. Kuna mtu kabla yetu alikuwa ameichezea skrubu ya ncha yake. Pistoni ya masta silinda ilikuwa hairudi hadi mwisho, mafuta yanakosa njia ya kurudi kwenye kikopo chake. Kosa la milimita, na lingeweza kuunguza gari zima. Tulirudi kidogokidogo, tukakifupisha, tukapima, tukapima tena.

Mpira wa pedali ya Baba, ulioliwa ukingo wa kulia, nimeuhamishia kwenye pedali mpya. Fundi hakuuliza.

Leo asubuhi nilimfundisha Mama kipimo: injini imezimwa, kanyaga mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, ibane hapo hapo, kisha washa. Busta ikiwa nzima, pedali itashuka kidogo chini ya mguu. Akafanya. Akakaa kimya, kisha akasema, "Limeitikia."

Nimemsihi jambo moja, asizime injini mteremkoni kubana petroli kama madereva wengi wanavyofanya. Injini ikizimika, busta inabakiwa na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili tu, baada ya hapo ni lile jiwe tena. Akanijibu, "Baba yako aliniambia hivyo hivyo kuhusu gia."

Karibu na mjini mbuzi walikatiza barabara. Nilishika mlango. Yeye alikanyaga kwa mguu mmoja, gari likatulia, kreti hazikusogea. Akawasubiri mbuzi wapite hadi wa mwisho, akaondoka.

Kesho ana kreti nyingine kumi na mbili. Kaniambia nimwachie ufunguo mezani.