Nilivyojua asili ya ukuta wa mawe ulio katikati ya msitu

Ukitembea kwenye misitu ya New Hampshire, Marekani, huchelewi kukutana nazo: kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji, zinazofika kiunoni au chini yake, zikipanda kilima na kuteremka hadi kijitoni, na hakuna nyumba wala shamba karibu. Nimesikia watu wakizihusisha na mabaharia wa kale kutoka Skandinavia, wengine na ngome za vita. Mimi nilikuwa na hamu ya kuujua ukuta mmoja tu, ule unaopita nyuma ya nyumba tunayoishi. Swali lililonifungulia njia lilikuwa hili: kila upande wa ukuta huu kulikuwa kunafanyika nini?

Nilianza na mawe yenyewe. Sehemu ya chini, karibu na kijito, ukuta ni mawe makubwa matupu, yamepandana moja juu ya moja, na mwanga unapenya katikati yake. Sehemu ya juu ni tofauti kabisa. Huko kuna kuta mbili zilizosimama sambamba, na nafasi iliyo kati yake imejazwa vijiwe vya ukubwa wa ngumi, maelfu kwa maelfu. Nilichuchumaa pale muda mrefu. Hakuna mtu anayejisumbua kuokota vijiwe kwenye malisho, kwa sababu ng'ombe huviruka akaendelea kula. Vijiwe huokotwa pale vinapokwaza jembe la kukokotwa na maksai. Kwa hiyo kule juu palilimwa, na kule chini palichungwa mifugo.

Ardhi nayo ilisema hivyo hivyo. Msitu ambao haujawahi kulimwa una vishimo na vichuguu, alama za miti iliyong'oka na mizizi yake karne baada ya karne. Nilipofagia majani kule juu nikakuta ardhi laini, imesawazika. Tena pale ambapo ukuta unakata mteremko, udongo wa upande wa juu umejaa hadi karibu na kilele cha ukuta, na upande wa chini mawe yote yanaonekana. Jembe lililegeza udongo, mvua ikausukuma taratibu, ukuta ukauzuia.

Lakini mawe yote haya yalitoka wapi? Yaliletwa na barafu. Maelfu ya miaka iliyopita eneo lote hili lilikuwa chini ya barafu nene iliyomomonyoa miamba, ikaisaga na kuyaacha mawe ndani ya udongo ilipoyeyuka. Msitu ukayafunika kwa mboji. Walowezi walipokata miti, udongo ukabaki wazi na baridi ikazama ndani zaidi. Maji yakiganda chini ya jiwe hulisukuma juu, na barafu ikiyeyuka udongo huporomokea chini yake, likashindwa kurudi. Mkulima akisafisha konde mwaka huu, masika ijayo anakuta mawe mengine. Aliyapakia kwenye sleji ya mbao, yaani chombo kisicho na magurudumu kinachoburutwa ardhini, maksai wakaikokota hadi mpakani, akayatupa kando ya uzio wa miti. Miti ya uzio ilipooza na mbao kuadimika, lile rundo likapangwa likawa ukuta.

Kisha wakaja kondoo, na hapa ndipo kuta zilipoongezeka kwa kasi. Mwaka 1811 William Jarvis, aliyekuwa konseli wa Marekani mjini Lisbon, alileta kondoo wa merino Weathersfield, Vermont, ng'ambo tu ya mto unaotenganisha jimbo hilo na New Hampshire. Biashara ya sufu ikashamiri, vilima vikafyekwa hadi juu. Kufikia 1840 Vermont pekee ilikuwa na kondoo wapatao milioni 1.7. Miji ilikuwa na wakaguzi wa uzio, ambao waliamua ugomvi wa majirani pale mifugo ilipoingia kwenye mazao.

Baada ya kuyasoma mawe nikageukia karatasi. New Hampshire ina ramani ya mtandaoni ya kuta za mawe, iliyotokana na ndege zinazopima ardhi kwa leza. Kompyuta huondoa miti kwenye picha, ikabaki ardhi tupu, na kuta huonekana kama mistari myembamba. Niliona ukuta wangu ukiungana na mingine kuzunguka viwanja vya mraba, na kando yake shimo la msingi wa nyumba ambalo nilikuwa nimelipita bila kulitambua kwa sababu ya vichaka. Nikafuata hati za kuuziana ardhi kwenye masjala ya kaunti, kutoka mmiliki hadi mmiliki, nikirudi nyuma. Vipimo vyake ni vya rodi, na rodi moja ni futi 16 na nusu. Nilipozigeuza na kuzilinganisha na picha, mpaka ulikaa palepale kwenye ukuta.

Jina nililolipata nikalitafuta kwenye sensa ya kilimo ya 1850. Huyo hapo: ekari zake, maksai, kondoo, mahindi, viazi. Nilifurahi mno.

Wakulima wa aina yake waliondoka polepole. Mfereji wa Erie, njia ya maji iliyounganisha mashariki ya nchi na magharibi, ulifunguliwa 1825, reli zikafuata, nafaka na sufu ya bei nafuu ikaja kutoka magharibi, na vijana wakavutwa na viwanda vya nguo. Msitu ukarudi wenyewe. Leo zaidi ya asilimia 80 ya New Hampshire ni msitu.

Ukitaka kufanya hivi kwa ukuta ulio karibu nawe, anza na vijiwe, kisha nenda kwenye hati. Na usiondoe hata jiwe moja. Sheria ya jimbo inakataza kuhamisha mawe ya ukuta unaoonyesha mpaka bila ruhusa ya wamiliki. Isitoshe, si kila mawe yaliyopangwa ni ya mkulima: wenyeji wa asili wa New England, kanda hii ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, wakiwemo Wanarragansett wa jimbo la Rhode Island, wana mawe yao waliyoyapanga kwa ibada na kumbukumbu. Rundo lililo peke yake, mbali na ukuta wowote, liache lilivyo.