Kaunsili wakikaa kimya na rivyu yako, siku zako bado zinahesabiwa

Mtu akikataliwa na kaunsili, yaani serikali ya mtaa, kwenye mambo ya makazi, kila mtu anamwambia "omba rivyu", na ni kweli, hapa England sheria ya nyumba ya 1996 inakupa siku 21 tangu upewe ile barua ya uamuzi uombe iangaliwe upya, na anayeiangalia awe afisa mwenye cheo cha juu kuliko aliyekukatalia na asiwe alihusika na kesi yako mwanzo. Sawa. Ila hakuna anayekuandaa kwa kinachofuata, manake ukishaomba ndo kimya kinaanza.

Kuna dada mmoja namsaidia, mwenzetu, ana watoto wadogo, namsomea barua zake na kumtafsiria kwenye simu. Walimwandikia kwamba kajikosesha makazi mwenyewe kwa makusudi kwa sababu alikuwa na malimbikizo ya kodi ya nyumba. Makusudi! Mtu kapunguziwa masaa kazini, kodi iko palepale, benefiti ya nyumba, ile hela ya serikali ya kusaidia kodi, haifiki hata kwenye kodi yenyewe, sasa lile pengo azibe na nini, na hela ya chakula cha watoto? Na hili Mahakama ya Juu kabisa ya Uingereza ilishaliongelea 2019 kwenye kesi dhidi ya kaunsili ya Birmingham, wakasema huwezi kuichukulia benefiti ya kulishia familia kama hela ya ziada ya kulipia kodi, lazima kwanza uangalie familia inahitaji nini ili iishi. Tuliyaandika yote hayo, tukaambatanisha stetimenti za benki na barua ya mwajiri, tukatuma.

Kwa rivyu kama yake kanuni za 2018 zinawapa kaunsili wiki 8. Zaidi ya hapo mpaka wewe mwenyewe ukubali kwa maandishi. Wiki 8 zikapita hivihivi, ukipiga simu unaambiwa afisa wa rivyu yuko likizo, ukituma imeili linarudi jibu lilelile neno kwa neno kwamba kesi ipo kwenye foleni na wanashukuru kwa uvumilivu. Uvumilivu upi? Watoto wanalala chumba kimoja na mama yao, birika liko dirishani, masanduku hayajafunguliwa kwa sababu hajui kama kesho atakuwepo hapo. Hilo nalo watu hawalijui, wakati unasubiri rivyu kaunsili wana hiari tu ya kukupa pa kulala, sio wajibu, kwa hiyo lazima uwaombe kwa maandishi na ueleze kwa nini, hasa kama kuna watoto au ugonjwa.

Sasa kinachoniuma zaidi ni hiki. Rufaa ya kwenda County Court, mahakama inayosikiliza rufaa hizi, ina siku 21 pia, na kaunsili wakishindwa kujibu ndani ya muda wao, hizo siku 21 zinaanza kuhesabiwa tangu ile tarehe waliyotakiwa wakujibu. Yaani wao wamechelewa, saa inayokimbia ni ya kwako! Wewe umekaa unangoja barua kwa adabu zote kumbe mlango unafungwa taratibu. Jaji anaweza kuongeza muda kukiwa na sababu nzuri, lakini usiende na hilo tegemeo. Na wakikutumia ka-imeili kuomba "waongezewe muda kidogo", usijibu "sawa" haraka haraka, kwa sababu ukikubali tarehe inasogea, waulize wanataka muda wa nini, watamaliza lini, na kama utaendelea kukaa ulipo mpaka wamalize.

Kulalamika lalamika, usiogope kwamba watakuchukia. Unaanza na malalamiko ya kaunsili yenyewe, wakikuzungusha unaenda kwa Local Government and Social Care Ombudsman, mchunguzi huru wa malalamiko dhidi ya kaunsili, ni bure. Huyo hatabadilisha uamuzi wenyewe ila ucheleweshaji anauangalia, na anaweza kuwaambia wakuombe radhi na wakulipe kitu kwa usumbufu. Lakini malalamiko hayasimamishi zile siku za mahakama hata kidogo! Kwa hiyo wiki ya 8 ikikaribia uwe umeshaongea na mwanasheria wa nyumba, msaada wa kisheria wa serikali bado upo kwa kesi za kukosa makazi kama kipato ni kidogo, na Shelter au Citizens Advice, mashirika ya kutoa ushauri bure, watakuelekeza pa kuanzia.

Mimi siamini kwamba maafisa wote wana roho mbaya, najua wamezidiwa na makesi. Lakini aliyezidiwa analala kwake jioni. Angalau waandike tarehe, waseme tumechelewa kwa sababu hii na haki yako ya kwenda mahakamani inaanza siku hii, mistari miwili tu, hiyo nayo inahitaji bajeti?

Kwa huyu dada makaratasi yote yako kwa mwanasheria na malalamiko yamefika hatua ya pili. Kama una barua kama hiyo mezani, angalia tarehe yake leo.