Nyumba Ikishasafiri: Nilivyoitoa Katuni ya Barazani Nikaifanya Filamu

Katuni yangu ilianzia kizani. Aliyekuwepo Unguja baina ya Disemba 2009 na Machi 2010 hahitaji kuelezwa: waya wa umeme wa chini ya bahari ulikuwa umeharibika, na kwa miezi mitatu mji ukawa wa jenereta na koroboi. Mie sina kazi, simu haina chaji, nikawa nashinda barazani nachora wazee wanaocheza bao. Mmoja wao ni ami yangu. Ami alikuwa na ada ya kuinuka ghafla muuza kahawa akigonga vikombe vyake, na kila akiinuka pindo la kanzu linapitia ubao, kete chini. "Tutamalizia kesho," anasema. Kesho yake, yale yale.

Mwaka 2014 nilipopata kompyuta, hicho ndicho nilichokichora. Kipindi cha dakika nne: wazee wanacheza, mtaani kunazuka jambo (maji hayatoki, mtalii kapotea, mtu kanunua vespa mbovu), kila anayesaidia anazidi kuliharibu, halafu vikombe vinalia, kanzu inapita, kete chini. Tutamalizia kesho. Sauti ya mzee ni ya ami mwenyewe. Watu walikuwa wakirushiana kwa simu, baadaye televisheni ikaichukua, na kufika 2022 tulikuwa na vipindi zaidi ya 140.

Ndipo mpwa wangu, ambaye ndiye mtia rangi wetu, akaja na neno lake: "Mjomba, tufanye filamu. Dakika sabini tu."

Sabini tu! Filamu inakwenda kwa picha 24 kila sekunde. Dakika 72, tulizoishia nazo, ni picha 103,680. Hata ukifanya ujanja wa wachoraji wengi, kila mchoro ukaushikilia kwa picha mbili, bado ni michoro 51,840. Tulikuwa watu wanne na feni moja. Hesabu hiyo ilinitisha siku mbili tatu, kisha nikaizoea. Kilichoninyima usingizi mwaka mzima ni hadithi.

Mwandiko wa kwanza niliunga vipindi. Nilichagua kumi na tano vilivyopendwa zaidi nikavishonea kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeunga vipande vya kanga akitaraji kupata tanga. Tukachora mkanda wa penseli mtupu, hauna rangi wala mwendo, sauti tu ndizo zimo, tukatundika shuka barazani tukawaonyesha wenyewe. Dakika kumi za mwanzo vicheko tele. Dakika ya 26 bwana mmoja akauliza mpira unaanza saa ngapi. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa ameshacheka mara sita, kwake yeye kazi imekwisha.

Mwandiko wa pili nikaenda upande wa pili wa bahari. Nikatia tajiri mwovu, helikopta, na wazee wangu wakikimbizana juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Shangazi alisoma kurasa chache, akavua miwani. "Hawa ni nani?" Sikuwa na jibu.

Nikaanza kutazama wenzetu waliopita njia hiyo walifanyaje. The Simpsons, katuni ya Kimarekani ya familia moja, ilianza kama kipindi kamili mwaka 1989, filamu yake ikatoka 2007. Waandishi walioorodheshwa ni 11, na hadithi iliandikwa upya zaidi ya mara mia. Hilo lilinifariji kuliko jambo lolote. Mie nilikuwa wa pili tu nikajiona nimekufa. Lakini nilichokitafuta mle ni kitu kimoja: walimtoa Homer, baba wa familia hiyo, nyumbani. Anachafua ziwa la mji wake mwenyewe, watu wanamgeukia, familia inakimbia. Bob's Burgers, katuni nyingine ya Kimarekani, ya familia yenye mgahawa, iliyoanza 2011 ikapata filamu 2022, hawakumhamisha mtu. Walifungua shimo barabarani mbele ya mlango wa mgahawa, wateja wakakosa pa kupita. Njia mbili, mkono mmoja. Kile ambacho kila wiki kipo, ambacho mtazamaji hakioni tena kwa kukizoea, ndicho kinachotiwa hatarini.

Nikayajua hayo na bado sikujua niweke nini hatarini. Jibu nililipata barazani, na aliyenipa hakujua kama amenipa.

Ami alikuwa anacheza na kijana mmoja wa Kikwajuni. Kijana kaja na kete, kafika kwenye nyumba yake, lile shimo kuu la ubao, imejaa kete, na pale mchezaji ana hiari: alale, yaani aishie hapo, au asafiri, azitoe zote aendelee kuzigawa. Akalala. Zamu nyingine, akalala. Ami akamwambia, "Wewe unaogopa. Unatakata tu." Yule akajibu, "Ikisafiri si nyumba tena, mzee."

Wallahi nilisimama. Miaka minane tulikuwa tunatakata: kete zinazunguka, zinatoa mlio mzuri, haliwi mtu. Kwa dakika nne hiyo ni raha. Ukimweka mtu dakika 72 lazima nyumba isafiri, na ikishasafiri hairudi kuwa nyumba. Sasa, nyumba yetu ni ipi? Si baraza. Si mji. Nyumba yetu ni ule mchezo usiokwisha.

Kutoka hapo hadithi ilijiandika kwa wiki tatu. Ubao wa bao unachanganywa na mizigo ya harusi, unapakiwa kwenye boti ya Pemba. Wazee ambao hawajawahi kutoka mtaani kwao wanaufuata. Ubao umefika Wete, kwa bibi mmoja anayecheza bao kuliko wao wote, na hautoi mpaka mzee acheze naye mchezo mzima. Na Wete hakuna muuza kahawa wetu. Hakuna wa kugonga vikombe.

Nikwambie habari ya huyo muuza kahawa, maana tuligombana wiki nzima kwa ajili yake. Katika vipindi vyote hajawahi kusema neno. Ni vikombe tu, tik-tik-tik. Mwenzetu mmoja akataka kwenye filamu hatimaye aseme, kwamba watu wamesubiri miaka. Nikamkumbusha Tom na Jerry, paka na panya tuliokua nao, waliokuwa wakipigana kimyakimya tangu 1940 na kila mtoto wa dunia akawaelewa. Mwaka 1992 wakatengenezewa filamu ndefu, humo wakatiwa maneno vinywani, wanazungumza na kuimba, na sehemu kubwa ni marafiki. Watu hawakuipenda. Ukifanya filamu kila mtu anakujia na kitu cha kuongeza, na vingi vinavyoongezwa ni vile ambavyo kukosekana kwake ndiko kulikochekesha. Muuza kahawa alibaki bubu, na kwa dakika 40 hayupo kabisa. Mtazamaji anaanza kuvitafuta vile vikombe mwenyewe.

Sauti tulirekodi chumbani kwangu, magodoro matatu yamesimamishwa ukutani na la nne mlangoni. Feni lazima izimwe kwa sababu maikrofoni inaisikia. Ami anakaa na singlendi, taulo shingoni, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu, na kila akianza kusema anapata mshindani: bodaboda, muuza samaki, na kunguru. Kunguru wa Unguja hawana haya. Tukahamia saa tisa za usiku, kabla ya alfajiri, wakati hata paka wamelala.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba ami hasomi kilichoandikwa. Kwenye vipindi nilikuwa namwambia jambo lenyewe naye anasema atakavyo, nami nachora kwa kumfuata. Dakika nne zinabeba hayo. Filamu haibebi, kwani alilosema dakika ya 10 lazima lioane na la dakika ya 60. Mara alisema mkewe katika hadithi ni wa Makunduchi, mara wa Donge. Mwisho nikapata njia: namhadithia onyesho zima kama habari iliyomtokea jirani, kisha namuuliza, "Ungekuwa wewe ungemwambiaje?" Hapo anasema vizuri kuliko nilivyoandika, nami nafuta yangu. Yale machache yasiyotakiwa kubadilika, mpwa wangu alikaa mbele yake akawa anayarudia kwa midomo, bila sauti, kama mtoto anayemsaidia mwenzake kwenye chuo cha Kurani.

Bibi wa Wete tulimpata Wete kweli. Nilikwenda msimu wa karafuu, na kutoka Mkoani hadi kwake daladala ilipita baina ya majamvi yaliyoanikwa karafuu pande zote mbili za njia. Harufu ilibaki kwenye shati langu hadi narudi Unguja. Bibi akanipokea akiwa anachambua, vikonyo huku, karafuu kule, na hakuacha kuchambua muda wote niliomsomea maneno yake. Nilipomaliza akaniuliza, "Huyu bibi yako ni wa wapi?" Nikamwambia wa hapa hapa. Akacheka mpaka akaweka ungo chini. Nimeandika "mtu", yeye anasema "ntu". Nimeandika "mnazi", anasema "nnazi". Nimempa Kiunguja kitupu halafu nikamvisha buibui la Kipemba! Tukayapitia maneno yote upya, siku mbili, kwa chai na mihogo, na dakika hizo za Wete ndizo ninazozipenda katika filamu nzima.

Uchoraji nitaupitia haraka, maana miaka miwili na nusu ya kukaa kitini haina hadithi. Watu wangu nilikuwa nimewachora kwa ajili ya kioo cha simu: mistari minene, vichwa vikubwa, midomo ya namna sita tu. Siku tuliyowarusha kwenye ukuta mpana walionekana kama vibandiko vya friji. Ilibidi nichore upya nyuso zote na kuongeza namna za midomo. Wale wa Bob's Burgers, filamu yao waliitia vivuli kwenye miili ambavyo televisheni haikuwa navyo. Nikajaribu nami, nikaona muda unakatika, nikaviacha kwenye onyesho la mwanzo na la mwisho tu, ambapo jua la alasiri linashuka kichochoroni na nusu ya kanzu iko kwenye kivuli. Programu tuliyotumia ni Blender, ambayo ni ya bure. Machi 2025, filamu ya Latvia iitwayo Flow, iliyotengenezwa kwa Blender hiyo hiyo, ilichukua Oscar ya katuni bora. Siku ile nyumbani kwetu kulipigwa vigelegele kama sisi ndio tuliochukua. Mpwa wangu alikuwa na michoro 4,000 ya kutia rangi, akatia kwa wiki moja zaidi bila kununa.

Basi mwisho. Mzee na bibi wanacheza Wete, mtazamaji kwa mara ya kwanza anaona mchezo ukivuka pale unapokatikaga kila siku. Nyumba zote mbili zimeshasafiri. Mzee ana mkono mmoja wa kushinda, anauona, tunauona sote. Kimya. Kisha anachukua vikombe viwili vya chai vilivyo kwenye sinia la bibi, anavigonga yeye mwenyewe, tik-tik-tik, anainuka, na pindo la kanzu linapitia ubao.

Hakuna kilichobadilika, anarudi Unguja na ubao wake kama alivyotoka. Ila sasa tunajua kwamba miaka yote ile kanzu haikuwa inapita kwa bahati mbaya. Ami, nilipomhadithia onyesho hilo, alinitazama muda mrefu. "Nani kakwambia?" akasema.

Ukitaka kuonyesha filamu hadharani kwetu lazima upitie Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Kwa hiyo wazee wangu walitoka baraza wakapelekwa Baraza, mzaha ambao ami hachoki kuurudia. Mtaani tuliionyesha usiku mmoja, shuka lile lile. Vikombe vilipogongwa kwa mkono wa mzee watu walicheka, halafu kicheko kikakatika katikati, halafu mtu mmoja nyuma akasema taratibu, "Aaa, kumbe." Nilikuwa nimesimama kando ya projekta, nikashika meza.

Wiki iliyofuata tukaipeleka Wete, kwenye ukumbi wa skuli. Bibi alikaa mstari wa mbele na wajukuu wake. Ilipokwisha watu wakapiga makofi, yeye hakupiga. Akaniita.

"Nirudishie pale kabla hajamwaga."

Nikarudisha, nikasimamisha picha. Ubao unaonekana wote kutoka juu, mashimo 32. Bibi akainuka, akaenda hadi ukutani, akaanza kuhesabu kwa kidole, midomo inacheza, kivuli cha mkono wake kinapita juu ya kete. Wajukuu wamenyamaza. Akafika mwisho, akarudia tena toka mwanzo.

"Sitini na tatu," akasema. "Moja mmeila nyiye?"

Asubuhi nilipanda boti ya kurudi. Nilipofika nyumbani sikufungua hata begi; niliwasha kompyuta, nikatafuta ile picha, nikachora kete moja kwenye shimo la tatu upande wa bibi.