Kaka hakuzidiwa na ugonjwa, alizidiwa na vidonge

"Ongeza dozi, mbona bado anacheza?" Ushauri huo nimepewa Temeke nzima, kuanzia shangazi hadi muuza duka la dawa, na ndio ulionipotezea mwezi.

Kaka ana ugonjwa wa Huntington, ule wa kurithi unaofanya viungo vicheze vyenyewe. Alikuwa anameza haloperidoli, dawa ya kutuliza mchezo huo, usiku, nusu ya kidonge cha miligramu 5. Ikapandishwa: kizima asubuhi, kizima usiku. Viungo vikatulia, tukashangilia. Siku ya tatu akaanza: kochi, mlango, kochi, mlango. Ukimkalisha, miguu inapiga kwata. Wakaniambia: "Unaona, ugonjwa umepanda."

Wapi! Mchezo wa Huntington hauna mpangilio: mara nyusi, mara bega, mara kidole, na mwenyewe mara nyingi hana habari. Huu wa kutotulia, unaoletwa na dawa, anausikia. "Dada, kuna kitu ndani kinanisukuma." Ukiongeza dozi hapo, unamwongezea safari.

Nikapewa benzheksoli ya kulegeza mwili. Choo kikagoma siku nne, kila dakika tano ananiuliza leo siku gani, na viungo vikarudi kucheza.

Ndipo nikaja na ujanja wangu, ambao najivunia. Kila siku saa mbili asubuhi, kabla ya kidonge, video ya dakika mbili: akae mikono mapajani, agonganishe kidole gumba na cha shahada mara kumi, atembee hadi mlangoni. Kisha namkunja kiwiko taratibu, yeye amelegea. Kikija kwa kukwamakwama kama droo iliyovimba masika, dawa imemkaza. Uji nao nikaupigia saa: kikombe cha dakika 10 kilifika 35, mate yanamtoka. Hapo sikungoja tarehe ya kliniki, maana asiyemeza vizuri chakula humwingia mapafuni.

Daktari alitazama video ya kwanza na ya mwisho tu, akashusha dozi kidogo kidogo. Usikate ghafla mwenyewe.

Akitapika, usimpe metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika. Nayo, kama haloperidoli, inaziba dopamini, kemikali ya ubongo inayoendesha mwendo wa mwili. Sindano ya haloperidoli ya kukaa mwilini mwezi mzima niliikataa, ikishaingia huitoi. Homa kali, mwili mgumu kama ubao na kuchanganyikiwa: hospitali usiku huohuo, bila kidonge kingine.

Sasa karudi kwenye nusu. Mabega yanacheza, uji dakika 12. Shangazi bado ananiuliza dozi inapanda lini.