Kwa pikipiki na mahema, kutoka Bukavu hadi Goma

Mimi na rafiki zangu tulipoondoka Bukavu kwa pikipiki kuelekea Goma kwa njia ya milimani, inayopita Kavumu, Katana, Kalehe na Minova, tulikuwa tumekubaliana kwamba hatutapiga hema kando ya mto, hata pawe pazuri namna gani. Mwezi Mei 2023 mafuriko yaliyoteremka kutoka milimani yaliua zaidi ya watu 400 huko Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, nasi tulipofika hapo tulizima injini, tukavua kofia na kusimama kimya kwa heshima ya marehemu.

Usiku tulilala kilimani, kwa ruhusa ya mzee wa kijiji, aliyetuonyesha mahali pakavu karibu na mikaratusi. Baridi ya huko si ya kuchezea.

Katika mteremko wa kwenda Minova, nawasihi wenzangu mshuke kwa gia ya pili na kuacha injini izuie mwendo, kwa sababu breki inayobanwa muda wote hupata moto na kupoteza nguvu, hasa pikipiki inapobeba hema, sufuria na magunia yaliyofungwa kwa mipira nyuma ya kiti.