Shubiri ya babu

Leo mikono yangu inanuka sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo, na sitaki kuinawa.

Ngalawa ya marehemu babu imelala chini ya mti wa mkungu hapa Nungwi, Unguja, tangu alipotutoka. Gogo lenyewe ni la mwembe, bado zima. Ila mbao za ukingoni, zile zinazozuia wimbi lisiingie, zilikuwa zimeoza.

Asubuhi nimeng'oa ubao wa mwisho, karibu na omo, mbele ya chombo. Nikaugeuza.

Upande wa ndani, kando ya kila tundu la msumari, kuna mkwaruzo mdogo wa kisu. Mkwaruzo, tundu. Mkwaruzo, tundu. Nikapima toka tundu hadi tundu kwa shubiri yangu, kidole gumba hadi kidole cha mwisho.

Haikufika. Imepungua upana wa ukucha.

Alipima kwa mkono wake! Nikakaa mchangani nimeukumbatia ule ubao.

Fundi mzee akaniambia, "Mjukuu wangu, toboa palepale."

Nimetoboa ubao mpya kwa keekee, taratibu, mti usipasuke. Kisha pamba iliyolowa mafuta ya nazi, nikaishindilia kwenye maungio.

Keshokutwa tunashusha majini, inshallah.

Jamani, nani mwingine ana chombo cha wazee wake? Tupieni picha hapa, nataka kuziona.