Mkono Wako Leo Mzito

"Mkono wako leo mzito," mama aliniambia asubuhi, hata bega sijalimaliza. Kisha akauliza, "Umegombana na nani?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Kaka alipiga simu alfajiri, mama akiwa bado usingizini, nikaipokea uani karibu na pipa la maji, nikazungumza kwa sauti ya chini. Baada ya hapo nikajaza ndoo, nikawasha mkaa, nikabandika chai ya mchaichai, nikamsubiri aamke. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, nikaanza kumchua kama ninavyomchua kila siku tangu aruhusiwe hospitali mwezi wa Machi baada ya kiharusi. Mafuta yaleyale ya nazi, mkeka uleule, bismillahi ileile. Akajua.

Naandika usiku, jiko limeshazimwa, na mtaa wetu wa Ngamiani, Tanga, umetulia, nasikia kengele ya baiskeli moja moja tu huko barabarani. Swali lake limenikaa siku nzima.

Miaka sita niliyofanya kazi Paje, Unguja, mikono yangu ndiyo iliyonilisha. Nilianza na singo: waridi, asumini, mlangilangi na liwa, wageni wakipakwa mwili mzima kama tunavyowapaka bibi harusi wetu. Baadaye nikafundishwa reiki, tiba ya Kijapani ya kuwekea mtu mikono, na mwanamke mmoja wa Kijerumani, daraja la kwanza, halafu la pili. Ilinichukua muda kukubali kwamba hiyo nayo ni kazi. Mgeni analala na nguo zake, humkandi wala humsugui. Unaweka viganja kichwani, kifuani, tumboni, magotini, kila mahali dakika chache, na unanyamaza. Wako waliolala. Wako waliolia, wakashindwa kusema wanalia nini. Na viganja vyangu vikawa vinapata moto, moto wa kweli, kama nimekumbatia kikombe cha chai.

Niliipenda pia historia yake. Mikao Usui alizaliwa Japani mwaka 1865, na inasimuliwa kwamba mwaka 1922 alipanda mlima Kurama, karibu na Kyoto, akafunga siku 21, na huko ndiko alikoipata njia hii. Alifariki 1926, miaka minne tu baadaye. Mwanafunzi wake Chujiro Hayashi, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, akafungua zahanati Tokyo. Hapo ndipo alipofika mjane mmoja mgonjwa kutoka Hawaii, Hawayo Takata, na alipopata nafuu akaomba naye afundishwe. Karibu reiki yote iliyoenea nje ya Japani imepita mikononi mwa mama huyo. Mpaka anafariki mwaka 1980 alikuwa ameacha walimu 22. Nilipokuwa Paje nilimfikiria sana. Mjane, mgonjwa, yuko mbali na nyumbani, na anachotaka kuondoka nacho ni kazi ya mikono.

Usui aliwaachia wanafunzi wake maneno ya kusema asubuhi na jioni. Yanaanzia na "kwa leo tu". Kwa leo tu, usikasirike. Usiwe na wasiwasi. Shukuru. Fanya kazi yako kwa bidii. Watendee watu wema. Nimeyasema maneno hayo miaka mingi, na leo alfajiri nimeshindwa lile la kwanza kabla jua halijachomoza.

Kaka amesikia kwamba "nampitishia mama nguvu za Kijapani". Sijui nani kampelekea habari kwa namna hiyo. Kwake huo ni ushirikina, basi, na mama yetu si wa kufanyiwa majaribio. Alisema maneno makali. Nami nikamjibu makali zaidi, na nikachomeka humo habari ya fedha za dawa za presha, jambo ambalo halikuwa na nafasi katika mazungumzo yale. Nilijua halina nafasi nilipokuwa nalitamka. Akakata simu.

Hofu yake siidharau. Katika daraja la pili la reiki unafundishwa alama za kuchora hewani, na kila alama ina jina lake la kutaja. Mtu aliyelelewa chuoni, kwenye madrasa, kama sisi akisikia hivyo lazima ashtuke. Alama hizo niliziacha nilipopanda boti kurudi bara. Ilikuwa bila kupanga. Siku ya kwanza nilipoweka mkono juu ya bega la mama lililolegea, nilifumba macho nikitafuta ile alama ya kwanza, na kilichotoka mdomoni kilikuwa Alhamdu, sura ya kwanza ya Qurani. Nikaisoma mara saba. Tangu siku ile sijarudi nyuma.

Na hapo ndipo nilipomkumbuka bibi.

Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa Pangani, na watu walimletea watoto. Mtoto haachi kulia, mtoto hanyonyi, mtoto anashtuka usiku. Kombe, yaani aya za Qurani za kunywa, aliliandika mwalimu wa chuo, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likasuuzwa kwa marashi ya waridi, mtoto akanyweshwa kidogo. Bibi kazi yake ilikuwa kuzingua. (Vijana wa siku hizi wakisema mtu anazingua wana maana nyingine kabisa, kwetu neno hilo lilikuwa tiba.) Alimpakata mtoto, akachoma ubani kwenye chetezo, akaweka kiganja utosini, akasoma polepole, akampulizia. Hakuwa na haraka. Hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko maneno aliyosoma: mchuzi ungeweza kuungua, na bibi hakunyanyuka. Alipomaliza alimwambia mama wa mtoto, "Haya, na zahanati pia mpeleke." Alisema hivyo kila mara.

Nilipokuwa Paje nikisimuliwa habari za mlima Kurama, sikumkumbuka bibi hata siku moja. Hilo linaniuma. Nililipa fedha nyingi kufundishwa kuweka mkono juu ya mtu na kunyamaza, na mimi mwenyewe niliwekewa mkono wa namna hiyo kabla sijajua kutembea.

Kama kaka angenipa nafasi, na kama mimi ningemwachia nafasi ya kunipa, ningemkumbusha hadithi ya Mtume aliyoipokea Imam Muslim. Uthman bin Abil-As alimlalamikia Mtume, rehema na amani zimshukie, maumivu ya mwili. Akaambiwa aweke mkono wake pale panapouma, aseme bismillahi mara tatu, kisha ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na kwa uwezo wake mara saba. Mkono, mahali panapouma, maneno, hesabu. Bibi hakuhitaji kwenda mbali.

Lakini nataka kusema na upande wa pili, kwa sababu najua wako wanaotafuta mambo haya wakiwa na mgonjwa ndani. Sidai kwamba mikononi mwangu kuna nishati inayoweza kupimwa. Mwaka 1998 jarida la chama cha madaktari cha Marekani lilichapisha jaribio lililobuniwa na mtoto wa miaka tisa, Emily Rosa. Aliwakalisha waganga 21 wa tiba ya mguso, tiba inayofanana sana na reiki, wakapitisha mikono chini ya kizuizi wasichoweza kuona upande wa pili. Yeye akaweka mkono wake juu ya mmoja wa mikono yao, bila kuugusa, wa kulia au wa kushoto kwa kurusha sarafu, wao waseme ni upi. Katika majaribio 280 walipatia 123. Asilimia 44, chini hata ya kubahatisha. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilikuwa bado Paje, na niliifunga simu nikaenda kutembea ufukweni mpaka maji yakajaa. Nilihisi nimevuliwa nguo.

Sasa hainiumi tena. Moto wa viganja vyangu nausikia mimi, na huenda ni damu tu inayokimbilia pale ninapoelekeza fikra. Sina ugomvi na mtoto yule. Aliuliza swali la haki na akapata jibu la haki.

Kuna jaribio jingine, la mwaka 2001, ambalo nalipenda kuliko hilo. Madaktari wa Italia wakiongozwa na Luciano Bernardi waliwachukua watu 23, wakawasomesha rozari kwa Kilatini, kisha mantra ya Kitibeti, maneno ya ibada yanayorudiwa tena na tena, huku wakipima pumzi na mapigo ya moyo. Kwa rozari na kwa mantra, pumzi zilishuka mpaka karibu sita kwa dakika, na moyo na msukumo wa damu vikaanza kwenda pamoja kwa mwendo mmoja. Watafiti hao wakakumbusha kwamba huenda rozari yenyewe ilifika Ulaya kutoka kwa Waarabu, na kwa Waarabu kutoka upande wa India. Nilipoyasoma hayo nilichukua tasbihi ya mama nikajihesabia mwenyewe, saa mkononi, la ilaha illallah ya taratibu kama inavyosomwa kwenye uradi wa Ratibu ya Haddad. Nikapata pumzi sita, mara nyingine saba.

Kwa hiyo wale wanaobandika vibao kwenye nguzo za umeme, kusafisha nyota, kurudisha mume, mali bila jasho, mimi nawaona wanauza hofu. Na wako wa upande wa pili, wenye tovuti nzuri na muziki wa filimbi, wanaouza uponyaji wa mbali kwa dola na kumwambia mgonjwa wa saratani aache matibabu. Hofu ni ileile, karatasi ya kufungia tu imebadilika. Jirani mmoja, kwa mapenzi yake, aliwahi kunishauri nimpunguzie mama vidonge kwa vile "mikono yako inatosha". Nilimjibu kwa adabu kwamba mikono yangu ndiyo inayompa vidonge, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na haitaacha.

Narudi kwa mama. Kama mkono hausikii mkono, alijuaje?

Nadhani aliijua ndoo. Aliisikia nilivyoitua. Alisikia koleo la mkaa, kifuniko cha birika, na hatua zangu kwenye sakafu. Kisha nikaja na pumzi fupi, nikaanza na bega bila kumuuliza amelalaje. Alikuwa ameshanisikiliza nusu saa nzima kabla sijamgusa. Mgonjwa hana kazi nyingine, anasikiliza nyumba.

Kiswahili kina neno ambalo sijalikuta katika darasa lolote nililokaa. Mtu anaugua, wewe unamuuguza. Kitenzi ni kilekile kimoja. Neno halisemi kwamba unamponya, kuponya ni neno lake jingine. Linasema tu kwamba kuugua kwake kunapitia na kwako. Mimi leo nilikuja kumchua mama bila kumuuguza, na yeye akaona tofauti.

Nilimweleza ukweli. Nilisema nimegombana na kaka, na kwa nini. Sikusema habari ya fedha. Nikaisema baada ya kimya kidogo, kwa sababu aliendelea kuniangalia. Hakunilaumu wala hakumlaumu kaka. Alisema, "Basi leo usinichue. Kaa."

Nikakaa. Mtume alipoombwa wasia na mtu mmoja alimwambia usikasirike, na kila alipoomba tena akarudishiwa jibu lilelile. Akafundisha pia kwamba aliyekasirika akiwa amesimama na akae. Nilijifunza hayo utotoni na sikuwahi kuyafanyia kazi kwa maana yake ya wazi kabisa: miguu ikunjwe, makalio yafike chini. Tulikaa mkekani, chai ikapoa. Paka wa jirani alipita. Mama alikuwa anahamisha kunde kutoka sahani kwenda bakuli kwa mkono wa kulia, zoezi alilopewa na mtaalamu wa viungo, moja moja, nyingine zikimponyoka. Sikumsaidia. Ni kazi ngumu kutosaidia.

Baada ya magharibi tukasoma Ratibu, sisi wawili. Mama maneno hayakumwondoka alipopata kiharusi, alhamdulillahi, ni mkono na mguu tu. Mwezi huu ameamua kuhesabia tasbihi kwa mkono ule ule wa kulia. Mara ya kwanza alifika punje ya nne. Leo alifika ya 19 ndipo ikateleza, ikaanguka mapajani. Akaiokota kwa mkono wa kushoto, akairudisha wa kulia, akaanza upya na moja. Sikuweka mkono wangu popote.

Saa tatu kaka akapiga tena. Nilisema pole kabla hajasema kitu, akasema pole na yeye, kisha tukanyamaza kwa sababu hakuna aliyejua la kufuatia. Mama akaniashiria nimpe simu. Alinyoosha mkono wa kulia. Nikaikingia kwa chini isije ikaanguka, mpaka vidole vyake vikaishika, nikatoka uani nikawaacha waongee.